Kisima Kilichozibwa Mara Mbili

Saa nne asubuhi jua limeshapanda kiasi cha kuingia kwenye kioo, na Crispin Kalinga amelala kifudifudi juu ya vumbi la Usangu, uso wake ukingoni mwa bomba la chuma lililochomoza ardhini kama kisiki. Upande wa pili wa bomba fundi wake, Eliezeri, amechuchumaa na kioo cha kunyolea mkononi. Anakigeuza taratibu mpaka mwali wa jua unadondoka ndani ya bomba na kushuka.

"Kushoto kidogo," anasema Kalinga. "Hapo. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini, mzee?"

"Mpaka nikuambie."

Mwanga unatambaa juu ya kutu. Mita kumi na nne chini, chuma kimelika mpaka kimetoboka, na kila tundu limeota utando mweupe wa magadi. Mwanga unaendelea kushuka hadi mita thelathini, unapotua juu ya kokoto safi. Hakuna mzizi. Hakuna kamba. Hakuna kitu.

Kalinga anatazama kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe inavyodai. Watu wapatao sitini wa kijiji cha Mwabulugu wamesimama kumzunguka, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Kila mmoja wao anajua Kalinga anatafuta nini. Tena wanajua kwamba miaka saba iliyopita, kwenye kisima hiki hiki, hakutazama mara ya pili.

Hii ni Oktoba 1977. Kalinga ana umri wa miaka arobaini na sita, ni mzaliwa wa milima ya Kilolo, mkoani Iringa, na kazi yake ni kuchunguza miamba na maji yaliyo chini yake. Alianza kama kibarua wa kuvuta nyaya kwenye mtambo wa kuchimba visima, akasomeshwa, akarudi na cheti. Sasa ni mwaka wa tatu anafanya utafiti ambao wenzake ofisini hawautamani. Anapita Mbeya na Iringa akitafuta visima virefu vilivyochimbwa zamani na kuachwa, anapima kama vimeoza, na vilivyooza anaviziba.

"Kisima kikichimbwa, mgeni wa heshima anakuja, ngoma zinapigwa, utepe unakatwa," anasema. "Kikizibwa, anakuja Eliezeri na koleo. Basi."

Kanisani kwake Ipogolo, wazee wa jumuiya wamempa jina la Mfilisti, kwa kuwa taifa lile la kale ndilo lililofukia visima vya watu kwa udongo na halikusifiwa. Yeye hucheka. Lakini huwaeleza, kwa subira, kwa nini kisima kilichokufa kinaweza kuua kilicho hai.

Usangu, anasema, ina matabaka mawili ya maji yaliyolala moja juu ya lingine. La juu ni chungu, lina magadi. La chini ni tamu. Katikati pana udongo wa mfinyanzi mzito, na huo ndio mfuniko. Kisima cha zamani ni tundu lililopasua mfuniko. Bomba lake likiwa zima, maji mawili hayaonani. Likilika kutu, la juu linamwagikia la chini, kidogo kidogo, usiku na mchana, na hakuna anayelisikia.

Hayo ndiyo yaliyowapata watu wa Mwabulugu.

Ni kaya mia moja na arobaini, wengi wao Wasukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao. Mwaka 1974 walikusanywa hapa kuwa kijiji, na mwaka uliofuata wakachimbiwa kisima kipya cha pampu, hatua mia mbili kutoka kwenye bomba la zamani. Maji yake yalikuwa matamu, watu wakayaimbia.

Walioyagundua mabadiliko kwanza ni wapishi. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, maharage yalianza kuiva upesi, na hakuna mwanamke aliyelalamika kwa hilo. "Tulisema Mungu ametuonea huruma, kuni ziko mbali," anasema Ng'washi, mjane wa mzee Limbu, mama mwembamba mwenye sauti ya chini. "Kumbe ni magadi. Tulikuwa tunashukuru ugonjwa."

Wachungaji nao hawakusema. Ng'ombe hupenda maji yenye chumvi, na mwaka ule walikunywa kwa raha, wakanenepa. Kijiji kizima kilimaliza majira mawili kikiona baraka. Kufikia Machi mwaka huu, maji ya pampu yalikuwa hayakati kiu tena. Watoto walikuwa wakihara, na chai ilikuwa na ladha ya majivu. Wanawake wakarudi kutembea kilomita kumi na moja kwenda mtoni na ndoo.

Julai ikaja barua kutoka wilayani. Iwapo kisima hakitakuwa kimepona mvua za kwanza zikianza, kijiji kitahamishiwa ng'ambo ya mto.

"Mara ya kwanza tulihama kufuata majani," anasema Budeba, mwenyekiti wa kijiji na mtoto wa kwanza wa Ng'washi. "Mara ya pili tulihama kufuata amri. Nyumba ndiyo kwanza zimekauka udongo, na baba yangu tumemzika hapa. Ya tatu nifuate nini, nimwache na nani?"

Kalinga alifika Agosti. Katika daftari lake palikuwa na visima vitatu vya zamani karibu na Mwabulugu. Viwili vya kusini havikuwahi kuzibwa. Aliviziba vyote viwili kwa mifuko sitini ya saruji, akawaahidi watu kwamba wiki sita zikipita wataonja tofauti.

Wiki sita zilipita. Maji yalizidi uchungu.

Kisima cha tatu, cha kaskazini, hakukigusa. Daftarini kiliandikwa: 1970, kimezibwa, salama. Chini yake palikuwa na sahihi.

Mkewe, Tekla, ndiye aliyeuliza. Kalinga alikuwa amerudi Ipogolo kupumzika siku mbili, amekaa jikoni, daftari wazi magotini. Tekla alichungulia begani kwake, ungo wa mchele mkononi.

"Hiki hujakiwekea alama."

"Hicho kilishazibwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Tekla akapepeta mchele, akapuliza makapi. "Kwa hiyo hakivuji kwa sababu ni cha kwako."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umeandika."

Kalinga akafunga daftari. Kesho yake, kabla malori hayajaanza kupanda mlima kuelekea mjini, alikuwa ameshawasha Landrova kurudi Mwabulugu.

Njia yake ya kupima ilikuwa ya mikono mitupu. Alisafisha uso wa saruji ya zamani, akafinyanga ukingo wa udongo kuuzunguka, kimo cha kiganja, akamimina debe moja la maji na kulifunika turubai jua lisiyanywe. Saruji nzima hainywi maji. Alikaa chini akasubiri.

Adhuhuri maji yalikuwa nusu. Saa nane pakawa pakavu. Akamimina debe la pili, nayo yakaanza kushuka mbele ya macho yake, yakizunguka kwenye sehemu moja ndogo kando, kama maji ya beseni lililotoboka.

Ng'washi alikuja akiburuta kigoda chake, akaketi. Walisalimiana. Akayatazama yale maji mpaka yakaisha.

"Hapo ndipo ulipopita ukambaa," alisema.

"Ukambaa gani, Mama?"

"Wa mume wangu. Wa kutekea."

Akamsimulia. Kabla kijiji hakijakusanywa, familia yake ilikuwa tayari inaishi jirani na hapa na mifugo. Mashine ya mkoloni ilikuwa imekufa, lakini bomba lilikuwa na maji, na mzee Limbu alisuka kamba ya ngozi ya ng'ombe yenye urefu wa mita thelathini na zaidi, akaifunga kopo refu jembamba linaloingia ndani ya bomba. Miaka kumi na miwili kamba ile iliwanywesha watu na ndama. Kwa ukoo wao, maji yakifungwa, kamba iliyoyateka haibaki juu kufungia mbuzi. Huteremka nayo.

Siku Kalinga alipokuja kuziba, asubuhi alijaza kokoto na mchanga hadi mita thelathini, akamulika kwa kioo, akaridhika. Kisha yeye na vibarua wakaenda kula kivulini mwa lori. Wakati huo mzee Limbu alikuja peke yake na kamba yake. Aliifunga jiwe, akaiteremsha mpaka ikagota, ncha ya juu akaizungushia kigingi kilichokuwa ndani kidogo ya mdomo wa bomba. Akarudi nyumbani. Waliporudi vibarua kutoka kula, wakamimina saruji.

Ngozi haidumu ndani ya unyevu. Kufikia mwaka wa sita ilikuwa imeoza yote, ikaacha njia yake ndani ya saruji kutoka juu hadi chini, nene kama kidole gumba. Maji ya magadi yalipotoboa bomba, yaliikuta barabara imeshalimwa.

"Mbona hamkuniambia, Mama?"

"Ulituuliza?" Ng'washi hakuwa amekasirika. "Ulikuja asubuhi, ukaondoka jioni. Hata maji ya kunywa ulikuja nayo kwenye chupa. Mume wangu alisema, huyu hajui kwamba hapa kuna watu."

Kalinga anasema neno hilo lilimkaa kifuani kuliko jambo lolote alilowahi kuambiwa na wakubwa wake. "Niliikumbuka ile siku. Tulikula wali na samaki mkavu. Nilishiba. Eliezeri akaniuliza, tumulike tena? Nikamwambia, tumeshamulika."

Jumapili ile kijiji kilikutana. Habari ilikuwa imeshavuja, na Budeba alisimama uso umemwiva.

"Nimewatetea kwa barua tatu," alisema. "Nimewaambia wakubwa kwamba sisi hatuna kosa. Kumbe kosa linalala nyumbani kwangu. Mama, ulikaa kimya mwaka mzima?"

Ng'washi alitazama mikono yake. "Sikujua kamba inaoza ikawa mlango," alisema. "Nilijua imelala na maji yake."

Mzee Bujiku, aliyekaa nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi tumshtaki ng'ombe aliyetoa ngozi." Watu wawili watatu walicheka, kicheko kikafia njiani.

Hapo Kalinga alisimama, akavua kofia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye alikuwa ameficha, hata kwa nafsi yake.

"Mwenyekiti, mama yako hana kosa," alisema. "Marehemu naye hana. Aliyafanyia maji yake heshima aliyoijua. Mwenye kioo nilikuwa mimi. Ningemulika mara ya pili ningeiona kamba, ningemwita mwenyewe, tungeongea. Niliandika salama kabla saruji haijakauka. Tena Agosti nilipokuja, nilivipima visima vya watu wengine, changu nikakiruka. Wiki sita mlizopoteza zilipotea kwa sababu hiyo."

Akawageukia wanaume.

"Nitaandika hivyo hivyo kwa wakubwa, na nitatia sahihi. Ninachoomba kwenu ni wanaume kumi wa kuvuta kamba."

Budeba aliwahesabu kwa macho wanaume waliokaa mbele yake. Kisha akauliza, "Mnaanza saa ngapi?"

Barua ya Kalinga iliondoka Jumatatu. Eliezeri, aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, anasema alimsihi aipunguze makali. "Nikamwambia, mzee, andika kamba tu, usiandike na wali. Akaandika na wali." Kilichorudi kilikuwa karipio la maandishi, na pamoja nalo muda: kijiji kitaachwa hadi mwisho wa Januari.

Kuitoa saruji ya zamani kulichukua siku kumi na tisa. Walisimamisha magogo matatu, wakafunga kapi, wakaning'iniza patasi ya chuma yenye uzito wa kilo sitini. Wanaume kumi wanavuta, wanaachia, chuma kinashuka na kuponda. Kila saa wanachota vipande. Budeba alivuta tangu siku ya kwanza, na viganja vyake vilipochubuka alivifunga kitambaa akaendelea.

Siku ya nne kilitoka kipande kikubwa cha saruji chenye mfereji laini katikati. Ndani ya mfereji, zimechapwa vizuri kama muhuri, zilikuwa alama za manyoya ya ng'ombe. Kalinga alimpelekea Ng'washi. Mama alipitisha kidole mle ndani, kwenda na kurudi.

"Huyu alikuwa dume jekundu," alisema. "Tulimleta tangu Shinyanga."

Shimo liliposafishwa, likabaki jambo moja, na Kalinga anakiri kwamba zamani angelipuuza. Ng'washi alikuja na ukambaa mpya aliousuka Budeba, mfupi, wenye urefu wa mtu. Kamba ya kwanza ilikuwa imeoza, na maji hayawezi kufungwa bila kamba yake.

Eliezeri alimtazama mkubwa wake. Saruji ilikuwa imeshapangwa, mifuko thelathini na minne, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Mbeya.

"Mama," Kalinga aliuliza, "ni lazima iingie ndani?"

Ng'washi alisema hajui. Mume wake hakuacha maneno juu ya hilo. Akaenda kuwauliza wakwe zake, mwendo wa siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na watu wote wakasubiri, wameketi karibu na mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai. Kalinga hakumharakisha mtu. Siku ya tatu mama alirudi na jibu.

"Inaweza kulala juu yake," alisema. "Mume wangu alikuwa akilala mlangoni pa zizi. Hakulala ndani na ndama. Na alilinda vilevile."

Ndiyo maana asubuhi hii ya Oktoba Kalinga amelala kifudifudi, Eliezeri ameshika kioo, na watu sitini wamezuia pumzi. Hatimaye anainuka, anajipangusa vumbi kifuani.

"Pako safi," anasema. Kisha anafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kazi yake. Anamwita Ng'washi aje atazame mwenyewe. Mama anapiga magoti, anachungulia muda mrefu, anatikisa kichwa kukubali.

Safari hii saruji haimiminwi kutoka mdomoni. Inapita katika bomba jembamba lililoshushwa mpaka kwenye kokoto, inajaa kutoka chini kuja juu, na bomba linavutwa hatua kwa hatua kadiri inavyopanda. Palipo na matundu ya kutu inasukumwa itoke nje ya chuma na kushikana na udongo. Kazi inakwisha saa tisa alasiri.

"Tunakula?" anauliza Eliezeri.

"Tunakula hapa hapa, tukikitazama."

Walikitazama siku tatu. Siku ya nne Kalinga alifinyanga ukingo wake wa udongo, akamimina debe la maji, akalifunika. Lilikaa tangu asubuhi hadi jioni, na alipopima kwa kijiti maji hayakuwa yamepungua hata upana wa ukucha. Ng'washi aliulaza ukambaa juu ya saruji, akasema maneno machache kwa Kisukuma, Budeba akafukia. Kalinga alisimama kando, akafanya ishara ya msalaba.

Kuziba ni nusu ya dawa. Uchungu uliokwisha kuingia ulipaswa kutolewa, na kwa hiyo pampu ilipigwa kutwa, zamu kwa zamu, maji yakimwagwa mbali. Wiki tatu hapakuwa na nafuu yoyote. Katika wiki ya nne familia saba zilifunga mizigo zikavuka mto bila kungoja barua. Hakuna aliyezilaumu. Katika wiki ya sita wanawake walianza kubishana pampuni, wengine wakisema maji yamelainika, wengine wakisema ni hamu tu.

Mvua za kwanza zilinyesha katikati ya Desemba, na kijiji kilikuwa bado mahali pake. Mwishoni mwa Januari walikuja wageni watatu kutoka wilayani na chupa za maabara. Magadi yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu. Mmoja wao alikinga kikombe, akanywa chote, akaomba kingine. Barua iliyofuata ilisema kijiji kitabaki.

Budeba aliisoma mbele ya mkutano mara mbili, kwa sababu wazee waliomba. Kisha alikwenda kuisoma mara ya tatu mahali alipozikwa baba yake, akiwa na mama yake tu.

Kalinga hajioni kuwa ameshinda. "Zile familia saba hazijarudi," anasema. "Zimejenga ng'ambo. Sitasema nimewarudishia maji, maana hawapo kuyanywa."

Utafiti wake unamalizika mwaka ujao, na ameongeza ndani yake sura ambayo hakuikusudia. Ni orodha ya visima alivyoviziba mwenyewe tangu alipoanza kazi, kila kimoja na tarehe, na muda aliokaa hapo baada ya kumimina. Mbali na kile cha Mwabulugu, viko kumi na kimoja. Kwa vyote kumi na kimoja muda ni ule ule: aliondoka siku hiyo hiyo.

Wakubwa wamemshauri aanze na vya watangulizi wake, vile ambavyo havina jina lake. Yeye amekataa. Anataka kuvirudia vyake vyote kabla ya kustaafu, na cha kwanza kiko Idodi, kwenye njia iendayo mbugani.

"Nimeulizia, nimeambiwa yupo mama mmoja, Matilda, aliyekuwa akiteka pale kabla sijafika," anasema, akifunga buti zake. "Nitaenda kukaa kwake siku mbili. Saruji itafuata baadaye. Na safari hii sibebi chupa. Nitakunywa watakachonipa."